Kinga ya Jicho la Raya

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo nna habari, na habari yenyewe siwezi kuwapa watu waliosinzia. Alhamdulillahi! Mwanangu anaona! Raya wangu anaona! Najua nimeanza na mwisho, na mwalimu wangu wa insha angenikata alama, lakini furaha hii imenikaa kooni. Nikingoja nianze na mwanzo itanipalia.

Kina mama wa darsa letu ndio walioniambia, "Zuwena, andika, tukusome." Haya, nimeandika kwa mkono wangu. Asiyejua kusoma asomewe, na asomewe yote, asirukiwe pale ninapojisema mwenyewe.

Mimi ni mke wa Makame, muuza mapazia wa Mlandege. Tunakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, katika nyumba ya zamani ambayo ukiegemea ukuta unaondoka na chokaa mgongoni. Nina mtoto mmoja, Raya, ana miaka minne. Na nina hasira. Sikufichieni. Tangu utotoni watu wananijua kwa hasira, mamangu alikuwa akisema mtoto huyu kazaliwa na pilipili mdomoni. Shikeni hilo la hasira, ndugu zangu, maana Mungu alikuwa na kazi mbili za kufanya nyumbani kwangu, na mimi nilikuwa nikimuomba moja tu.

Raya alipofika miaka miwili na nusu nikaanza kuona mambo. Anagonga miimo ya milango. Ukimpa biskuti anaipapasa hewani kwanza. Mwanasesere wake anamsogeza mpaka kwenye pua ndipo amwambie "Hujambo?" Mimi ananijua kwa mlio wa bangili. Siku nilizovua bangili nifue, nilimkuta kasimama katikati ya chumba analia, "Mama kaenda wapi?" na mimi niko hatua tatu mbele yake! Hatua tatu!

Halafu siku moja nikamtoa uwanjani juani, nikamuinua kidevu, nikaona ndani ya mboni pana weupe, kama punje ya mchele iliyozama kwenye chai. Jicho la kulia. Na la kushoto hivyo hivyo.

Basi wakaja wajuzi. Nyie mnawajua, kila mtaa wanao. Mmoja akasema tia maziwa ya kifua. Mwengine akasema asali. Mwanamke mmoja wa nyumba ya chini, akimwona Raya anashuka ngazi kwa makalio, anaita, "Kipofu wetu huyo anakuja!" na anacheka, eti ni mzaha. Mzaha! Nilimjibu maneno ambayo darsani hayasomeki. Na wengi, wengi mno, wakasema, "Huyo mtoto kapatwa na jicho."

Kwa msomaji asiyekuwa wa kwetu nieleze hapa kidogo. Unguja mtu akikwambia mtoto kapatwa na jicho, humuulizi jicho lipi, la kulia au la kushoto. Anakusudia jicho la mtu. Jicho la husuda, mtu kamtazama mwanao kwa choyo na mtoto akaugua. Ndiyo maana vichanga vyetu vinapakwa wanja, na mkononi vinafungwa mvuje, ule utomvu mkavu unaonuka ambao hata paka anaukimbia. Hiyo kwetu ndiyo kinga ya jicho. Nimeikuta, na pengine nitaiacha.

Mwaka na nusu nilizunguka na ushauri wa watu. Mwaka na nusu! Mimi, niliyemaliza kidato cha nne na kupasi baiolojia! Nilikuwa naijua picha ya jicho, naweza kuichora na kuiandikia majina, na mwanangu hanioni na mimi nachovya pamba kwenye asali. Nikikumbuka nataka kujipiga kofi.

Waliotutoa huko ni watu waliokuja kupima macho watoto wa skuli ya maandalizi. Walimmulika Raya na kitochi mara moja tu. Mara moja! Wakaniita pembeni. "Mama, mwanao ana mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Anahitaji kupasuliwa, na asichelewe zaidi."

Nilipompelekea Makame habari, akatua futi yake ya kupimia vitambaa, akasema, "Mtoto ana mtoto wa jicho?" Halafu akacheka kwa uoga, kama mtu anayeteleza. "Si ugonjwa wa wazee huo?" Nikamwambia wazee au watoto, mimi kesho nipo hospitali, ukitaka njoo, hutaki baki na mapazia yako. Alikuja.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, anasema pole pole. Alieleza kwamba wataanza na jicho la kulia, na likipona wataingia la kushoto. Na alieleza jambo moja ambalo liliniganda. Kwamba jicho lililopasuliwa lisipochungwa linaweza kuharibika, na likiharibika hivyo huwa hakuna tena la kufanya. Ndugu zangu, hilo ndilo lililokuwa mizanini. Jicho moja. Jicho la kwanza la mtoto ambaye hajawahi kuona uso wa mama yake sawasawa.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi nikamsomea Mungu majina yake yote ninayoyajua na mengine nadhani niliyarudia. Akatolewa kalala, jicho limefungwa pamba na shashi nyeupe na plasta. Kesho yake bendeji ikabanduliwa. Nilitegemea ataniona hapo hapo! Wapi. Jicho limevimba, kope zimegandana, Raya kalifumba kwa nguvu zake zote na anapiga kelele. Daktari akasema ndivyo inavyokuwa, tumpe muda, turudi baada ya wiki.

Ndipo nesi akaleta kile kitu.

Kijikombe cha plastiki, ndugu zangu, cheupe cha kuonesha ndani, kina matundu matundu, mfano wa kichujio cha chai kilichokatwa mpini. Kinakaa juu ya jicho bila kuligusa, kinashikwa na plasta kwenye paji la uso na kwenye shavu. Nesi alikuwa na foleni nyuma yake mpaka mlangoni. Akakibandika, akanipa chupa ya matone, akaniandikia kwenye kadi kwa herufi kubwa: KINGA YA JICHO. ISIVULIWE ILA WAKATI WA DAWA. Akaniuliza, "Umeelewa mama?"

Nikajibu, "Nshaelewa."

Nshaelewa! Neno hilo ningeweza kulirudisha mdomoni ningelirudisha.

Nyumba yetu wakati huo ilikuwa inakarabatiwa paa, chokaa inamwagika kama unga, na nesi alituonya na vumbi. Kwa hiyo nikamchukua Raya nikaenda naye Uroa kwa mkwe wangu, Bi Mize, mama yake Makame. Huyu ni mkulima wa mwani. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono migumu na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya maji. Amelea watoto wanane na wote wana macho. Anampenda Raya kuliko anavyonipenda mimi, na hilo sina ugomvi nalo.

Tulipoingia tu uwanjani akamdaka mjukuu wake, akamgeuza uso huku na huku.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Kinga ya jicho, mama. Isivuliwe."

"Kinga ya jicho?"

"Naam."

"Wamempa hospitali?"

"Hospitali."

Akakitazama kile kijikombe muda mrefu. Akasema, "Haya. Hata wao siku hizi wanaamini." Akaingia jikoni.

Mmeshaona? Mimi sikuona! Nilisikia maneno yale yakapita kama upepo. Nilijisemea ajuza huyu anasema nini, nikaenda kumtia mtoto dawa. Sikueleza neno jengine. Nitaeleza nini, mimi msomi? Kadi imeandikwa. Kwamba Bi Mize hajui kusoma kadi halikunijia.

Siku ya nne chupa ya matone ikanidondoka ikapasuka kizibo, dawa ikanywewa na mchanga. Ikabidi nirudi mjini kutafuta nyengine. Nilitoka asubuhi nikamwachia Bi Mize mtoto, nikamwambia kwa haraka, "Mama, kinga usimvue." Akasema, "Kwa kinga usinifundishe." Nikaridhika kabisa!

Nilirudi alasiri. Raya yupo barazani kwa bibi yake, kaoga, kavaa gauni la sikukuu. Mkononi kafungwa kitambaa cheusi, na harufu ikanifikia kabla sijavua viatu. Mvuje. Jicho la kulia halina kitu. Limepakwa wanja wa manga, mweusi tii, juu na chini, na Raya analisugua kwa kiganja chake kizima kama mtu anayefuta ubao.

Nikauliza, "Kinga iko wapi?" Sauti yangu mwenyewe sikuijua.

"Imo kabatini," akasema Bi Mize kwa raha zake. "Nshaiosha kwa sabuni. Nimeiweka na vikombe vya kahawa, isipotee, kitu kizuri kile."

"Mama, nilikwambia usivue kinga!"

"Sikuvua kinga, nimempa kinga! Ile yenu si kinga, ile inaita jicho! Tangu jana nahesabu watu hapa. Kila apitaye anasimama, 'Khe, mtoto kapatwa na nini?' Anachungulia, anaguna, anakwenda, anakuja mwengine. Mtoto katazamwa na Uroa nzima! Sasa kitu gani hicho, kinga inayokusanya macho ya watu? Hospitali wanajua kukata, Zuwena, jicho hawalijui. Nimempa ya kwetu, waliyovaa wanangu wote wanane."

Ndugu zangu! Kama mtu angenipiga rungu nisingesikia. Nikainama, nikamtoa Raya mkono kwenye uso. Jicho jekundu. Pembeni yake kuna kitu cha manjano kinavuta kama ute wa yai. Na Raya ananiambia, "Mama, linachoma."

Nikasimama nikampigia kelele mama wa mume wangu. Nilimwambia, "Umempofua mwanangu!" Nikamwambia ni mjinga. Nikamwambia maneno ya mwani na ya ushamba, maneno ambayo hata mtu wa marika yangu sikupaswa kumpa. Wanawake waliokuwa wakisuka ukili kwenye baraza ya pili wakanyanyuka. Mmoja akasema, "Mkwe wa mjini kapandisha shetani! Leteni ubani!" Mwenzake akacheka. Nikawageukia na wao nikawapa fungu lao. Bi Mize alisimama na kichupa cha wanja mkononi, mdomo wazi.

Jirani mwenye gari akatupakia. Njia nzima nilimshika Raya mikono yote miwili, na njia nzima nilikuwa namgombeza Mungu, astaghfirullah. Nilisema, nimekuomba jambo moja tu! Moja!

Tulifika kabla ya magharibi. Daktari yule yule alikuwa bado yupo, na hilo nahesabu ni rehema, maana alikuwa kashavua koti lake anataka kuondoka. Akavaa tena. Akamsafisha Raya wanja ule kidogo kidogo, pamba baada ya pamba, na mimi nimemkumbatia mtoto miguu. Akamulika. Halafu akasema uchafu umeingia, na uzi mmoja wa mshono umelegea kwa sababu ya kusugua. Akasema atalazwa, atapewa sindano, na dawa ya matone kila saa. Nikamuuliza, "Ataona?" Akasema, "Siku tatu, mama. Baada ya siku tatu nitakwambia. Sasa hivi sikuahidi."

Wakamfunga tena pamba na shashi, na juu yake kijikombe kipya. Plasta mara mbili.

Siku tatu hizo sitaki kuzirefusha. Aliyekaa na mtoto wodini anazijua. Nataka kusimulia ya siku ya pili tu, maana hapo ndipo Mungu alipogeukia ile kazi yake nyengine.

Asubuhi ya siku ya pili Bi Mize akaingia wodini. Katoka Uroa na gari la mwanzo, kavaa buibui lake la kwendea harusini, kashika mkoba wa chakula. Ndugu zangu, sikumwamkia. Mimi, Zuwena, niliyelelewa vizuri, nilimtazama mama wa mume wangu akiingia mlangoni nikageuza uso dirishani. Akakaa upande wa pili wa kitanda, akachukua mkono wa Raya, akaushika. Tukakaa hivyo, yeye kule mimi huku, mtoto katikati.

Nesi akaja na matone. Yule yule wa kadi. Bi Mize akamngoja amalize, akamuuliza kwa heshima zote, "Mwanangu, samahani. Mimi ni mtu wa shamba. Hii kinga ya jicho, hasa hasa inamkinga na jicho la nani?"

Nesi hakuelewa. "La nani vipi, bibi?"

"Yaani nani anayemtazama vibaya. Maana mkwe wangu kanambia hii kinga ya jicho, na mimi nimeona inawaita watu."

Nesi akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. Nikaona linamfungukia usoni taratibu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, foleni yake kaiacha. "Bibi," akasema, "haimkingi na mtu yeyote. Inalikinga jicho lake lisiguswe. Anayeligusa ni yeye mwenyewe. Mtoto likimuwasha anasugua, na mle ndani mna uzi mwembamba kuliko unywele. Tunamkinga na mkono wake."

"Mkono wake mwenyewe?"

"Mkono wake mwenyewe. Na vumbi, na mto anapolala."

Bi Mize akauinua ule mkono mdogo aliokuwa kaushika, akaufungua, akautazama kiganja na vidole vyote vitano. Kisha akamgeukia nesi kwa ukali. "Basi mngesema kinga ya mkono!"

Wodi nzima ilicheka. Mama wa kitanda cha pili alicheka mpaka mwanawe akaamka. Nesi alicheka akafuta macho. Bi Mize hakucheka. "Wallahi mngesema hivyo," akasema, "ningemfunga mikono nikakaa juu yake. Nani kasema kinga ya jicho? Uroa mtu akisikia kinga ya jicho atajua nini? Mmenitajia neno na mimi nikalifuata!"

Ndugu zangu, sikucheka na mimi. Nilitoka nje varandani nikalia, na kilio chenyewe hakikuwa cha Raya. Nililia kwa sababu mama huyu alisema kweli tupu. Alilifuata neno. Alilifuata kwa mapenzi, kwa wanja wake bora kabisa, wa kuletewa kutoka Makka. Mimi ndiye niliyelijua neno lile maana yake ya hospitali na maana yake ya Uroa, zote mbili! Katika nyumba ile mtu mmoja tu alikuwa na maana zote mbili kichwani, na mtu huyo alisema "Naam" akaenda zake. Dakika mbili! Dakika mbili za kueleza nilizikosa, na matusi ya robo saa nikayapata!

Na hasira yangu, ile niliyozaliwa nayo, ikakosa pa kukaa. Nilikuwa nimemlimbikizia yeye, nikageuka nikaona wa kuipokea ni mimi. Nikasema, "Ya Rabbi, niondolee. Ukinipa jicho la mwanangu na ukaniachia mdomo huu, nitaliharibu tena kwa mdomo." Hiyo ndiyo dua niliyoomba. Sikuipanga. Ilitoka hivyo hivyo, mbichi.

Nikarudi ndani nikapiga magoti mbele ya watu. "Shikamoo, mama."

Akanitazama kwa juu. "Marahaba. Naingojea tangu asubuhi, imechelewa kuliko boti ya Pemba."

"Nisamehe mama. Nipe radhi."

"Nshakupa. Ila neno la mwani sikulipenda. Mwani ule ndio uliomsomesha mumeo." Halafu akafungua mkoba akanipa mkate wa kumimina, akasema, "Kula, umekuwa kama ufito." Ndugu zangu, mkate ule niliula na machozi, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile!

Mchana huo huo alimwomba nesi mkasi. Akachana kipande cha kanga yake ya zamani, akashona kwa mkono vijifuko viwili vya pamba, akamvisha Raya mikononi, akafunga kwa utepe kwenye vifundo. Raya akawa anapiga makofi yasiyo na sauti. Nesi akavitazama, akaondoka, akarudi na wenzake wawili waje kuviona. Leo wodi ile ukienda utakuta kina mama wanashona. Sisemi uongo. Nenda ukaone!

Siku ya tatu. Makame kafunga duka, Bi Mize yupo, mimi nipo. Daktari akaja, akabandua plasta pole pole, akatoa kijikombe, akatoa shashi. Akasafisha. Akamulika, akatazama, akatazama tena. Mimi nimemkamata Makame mkono namuumiza. Daktari akasema, "Uchafu umeondoka. Uzi umeshika." Kisha akamwambia mtoto, "Raya, fungua jicho, mama."

Hataki. Kalikaza.

Bi Mize akainama juu ya kitanda, uso wake na kifua chake karibu kabisa na mjukuu wake, akamwita kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, ya chini, "Raya. Njoo kwa bibi."

Jicho likafunguka. Kidogo. Likapepesa, likatoa machozi, likafunguka lote. Nikaiona mboni. Nyeusi, ndugu zangu! Nyeusi, safi, hakuna punje ya mchele! Na mboni ile ikasimama, ikaganda kwenye kanga aliyojitanda Bi Mize, kwenye ule mstari wa maandishi unaopita kwenye pindo. Raya akanyoosha mkono wake wenye kijifuko, akaanza kuyapangusa yale maandishi, anapangusa kwa bidii, anarudia.

"Bibi," akasema, "una sisimizi!"

Hatukuelewa. "Sisimizi gani, mwanangu?"

"Hawa! Wengi! Wanakwenda huku!" Na akafuata mstari kwa mkono, herufi baada ya herufi, mpaka mwisho wa kanga.

Allahu Akbar! Allahu Akbar! Mtoto hajawahi kuona herufi maishani mwake! Makame akakaa chini sakafuni, mtu mzima. Daktari akageuka akajidai anatafuta kitu kwenye trei. Na Bi Mize, asiyejua herufi hata moja, akaitandaza kanga yake juu ya kitanda kwa mikono miwili, akasema huku anatokwa na machozi mpaka kidevuni, "Wahesabu, mjukuu wangu. Wahesabu wote. Mimi mwenyewe sijawahi kuwaona wakitembea."

Ndugu zangu, nani atakayenambia Mungu hasikii? Alisikia ya jicho na alisikia ya mdomo. Jicho la kushoto limepasuliwa baada ya hapo, limepona bila tone la tatizo. Raya sasa ana miwani midogo yenye mkanda, na yule mwanamke wa nyumba ya chini wiki iliyopita Raya alimwambia kwa adabu zote, "Bibi, umekosea vifungo." Kweli alikuwa kakosea.

Sitamaliza bila kusema na watu. Nyie wauguzi, Mungu awalipe, lakini mtu akikwambia "nshaelewa", mwambie akueleze yeye sasa. Nyie wakwe wa mjini wenye vyeti, wenzenu majumbani hawana upungufu wa akili, wana upungufu wa kuelezwa. Kijikombe kile cha plastiki kitabandikwa na hospitali siku moja, siku zote nyengine ni nyinyi na yule mliyemwachia mtoto. Kaeni naye chini. Mwambieni kinakinga nini. Wanja ungoje, jicho likipona utapakwa na mtoto atapendeza.

Na wewe uliye na mtoto anayepapasa, anayesogeza vitu puani, mtoe nje leo juani. Mwinue kidevu, mtazame ndani ya mboni. Ukiona weupe, usinitafutie asali. Usiogope watakaosema, nimewasikia wote na sijafa. Muamini Mungu, umbebe mwanao, uende. Kama huna wa kwenda naye njoo Mlandege, uliza duka la mapazia la Makame, mwambie unamtaka mkewe. Ntavaa buibui tu. Nitakaa na wewe kwenye benchi lile mpaka wakuite jina.